Manute Bol: mchunga ng'ombe wa Sudani Kusini aliyeng'ara NBA na kuwapa watu wake sehemu kubwa ya mali yake

Mkongomani akizungumzia basketi ya Marekani, jina la kwanza linalomjia ni Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyeingia ligi ya NBA mwaka 1991, na ambaye baadaye alijenga hospitali jijini mwake kwa jina la mama yake. Lakini miaka 6 kabla ya Mutombo, kijana mwingine kutoka upande huu wa Afrika alikuwa tayari amewashangaza Wamarekani kwa kazi ile ile ya kuzuia mipira karibu na ringi. Aliitwa Manute Bol, mtoto wa wafugaji wa kabila la Wadinka. Alitoka Sudani Kusini, nchi inayopakana na jimbo la Ituri upande wa kaskazini.

Bol alifariki tarehe 19 Juni 2010. Wengi wanaomkumbuka wanakumbuka urefu wake: mita 2.31. Wachache wanajua kwamba mchezaji huyu aliyelipwa mamilioni ya dola alimaliza maisha yake bila mali, na kwamba sehemu kubwa ya pesa zake ilikwenda kwa wakimbizi na kwa watu wa nchi yake waliokuwa vitani. Ituri imewapokea wakimbizi wa Sudani Kusini huko Biringi, katika eneo la Aru, na maelfu ya wakaaji wake wenyewe wanaishi kambini kwa sababu ya vita. Kwa watu wa jimbo hili, habari za maisha ya Bol si za mbali.

Mtoto wa Turalei

Kwenye karatasi zake, Manute Bol alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Tarehe hiyo imebishaniwa miaka mingi, kwa sababu vijijini kwa Wadinka wakati ule hakukuwa na vyeti vya kuzaliwa, na baadhi ya watu waliomfundisha mpira Marekani walidai kwamba alikuwa na umri mkubwa kuliko ulioandikwa. Kisichobishaniwa ni kwamba kwao ni Turalei, kijiji kilichoko kaskazini mwa Sudani Kusini ya leo, katika jimbo la Warrap.

Jina Manute alipewa kwa maana ya baraka ya pekee. Wazazi wake walikuwa wamepoteza watoto kabla yake, na kuzaliwa kwake kulipokewa kama zawadi. Urefu haukuwa jambo geni katika ukoo. Baba yake na mama yake wote walizidi mita 2, na wazee walisimulia kwamba miongoni mwa mababu walikuwapo waliokuwa warefu hata kumzidi yeye.

Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Kwa Wadinka, ng'ombe ndio mali, ndio mahari, ndio heshima ya jamaa, na mtoto wa kiume hukua akiwalinda dhidi ya wezi na wanyama wakali. Habari iliyomfuata Bol maisha yake yote ni kwamba akiwa kijana alimuua simba kwa mkuki, akimkuta amelala karibu na mifugo. Shule hakupelekwa. Baba yake alikuwa mzee wa heshima katika jamii, na aliona kazi ya mwanawe iko malishoni.

Kijana mwenyewe hakukubaliana na kila desturi. Wakati ulipofika wa kung'olewa meno ya chini na kuchanjwa alama za utu uzima kwenye paji la uso, alitoroka nyumbani zaidi ya mara moja. Mwishowe alirudi, akapitia yote mawili. Alama zile alibaki nazo, na miaka baadaye wapiga picha wa Marekani walizitafuta sana kila walipomwona.

Kutoka Wau hadi Khartoum

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda. Aliuacha kwa sababu urefu ulimzidi. Karibu mwaka 1978 ndugu zake walimshauri ajaribu basketi katika mji wa Wau. Habari inayojulikana zaidi ya siku zile ni kwamba alipojaribu kwa mara ya kwanza kuutumbukiza mpira kwa mkono kutoka juu, alijigonga mdomo kwenye ringi na kuvunjika meno. Hakuacha.

Kutoka Wau alikwenda Khartoum, mji mkuu. Huko alichezea timu za mji na timu ya taifa ya Sudani. Maisha ya kijana mweusi wa kusini katika mji wa kaskazini hayakuwa rahisi. Watu wa kusini walidharauliwa, wengi wakiishi pembezoni mwa mji na kufanya kazi za chini. Bol, ambaye hakuweza kujificha popote kwa sababu ya urefu wake, alitukanwa barabarani na mara nyingine akajibu kwa ngumi.

Mwaka 1982 kocha mmoja wa Marekani, Don Feeley, alikwenda Sudani kufundisha timu ya taifa. Alimkuta kijana ambaye mikono yake ilifika karibu na ringi bila kuruka. Feeley alimshauri aende Marekani. Bol alikuwa hajui kusoma wala kuandika Kiingereza, na hakuwa na cheti chochote cha shule. Alikubali, na mwaka 1983 alifika Cleveland, katika jimbo la Ohio.

Mwaka huo huo vita ya pili ya Sudani ilianza. Wanajeshi wa kusini waliasi, na John Garang akaunda jeshi la SPLA dhidi ya serikali ya Khartoum. Vita hiyo ilidumu hadi mwaka 2005. Kwa hiyo miaka yote ambayo Bol alikuwa akicheza mpira Marekani, nyumbani kwao kulikuwa kunaungua.

Paspoti, Kiingereza na chuo kikuu

Mwanzo wake Marekani ulikuwa wa mikanganyiko. Paspoti yake ilionyesha urefu wa mtu mfupi, kiasi cha mita 1.57. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ofisa wa Sudani alimpima akiwa ameketi. Katika Juni 1983, kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa chuo, timu ya San Diego Clippers ilimchagua katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, nafasi ya 97. Ligi ikaufuta uteuzi huo kwa sababu hakuwa ametimiza masharti.

Chuo Kikuu cha Cleveland State kilitaka kumchukua, lakini Kiingereza chake hakikutosha kuingia darasani. Alijifunza lugha katika mji huo huo kwa miezi mingi bila kuvaa jezi ya chuo. Miaka michache baadaye, mwaka 1988, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kilikiadhibu chuo hicho kwa msaada wa pesa usioruhusiwa uliotolewa kwa Bol na wachezaji wengine wawili kutoka Afrika. Yeye wakati huo alikuwa ameshaondoka zamani.

Nafasi ilipatikana katika chuo kidogo zaidi, Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, kinachocheza katika daraja la pili la vyuo. Alicheza huko msimu mmoja tu, 1984-85. Kwa wastani alipata pointi 22.5, akachukua mipira 13.5 iliyodunda, na kuzuia mitupo 7.1 katika kila mchezo. Ukumbi wa chuo, ambao kwa kawaida ulikuwa na viti vitupu, ulianza kujaa. Watu walisafiri kutoka miji ya mbali kuja kumwona. Baadhi walikuja kucheka, wakatoka wamenyamaza.

Angeweza kubaki chuoni. Lakini Aprili 1985 rais Jaafar Nimeiry alipinduliwa mjini Khartoum, na hali ya nchi ikazidi kuwa mbaya. Bol alitaka pesa za kumtoa dada yake Sudani. Kwa sababu hiyo aliacha masomo na kuwa mchezaji wa kulipwa mwezi Mei 1985. Alianza na timu ya Rhode Island Gulls, katika ligi ndogo. Mwezi uliofuata Washington Bullets walimchagua katika uteuzi wa NBA, raundi ya pili, nafasi ya 31.

Tangu dola ya kwanza, basi, mpira kwake ulikuwa njia ya kuwatoa watu vitani.

Ukuta wa Washington

Wataalamu wengi walidhani angevunjika mifupa katika wiki ya kwanza. Alikuwa na kilo zisizozidi sana 90 kwenye mwili wa mita 2.31. Wachezaji wenzake walikuwa na vifua vya wanyanyua vyuma. Kocha walimpa mazoezi ya kuongeza nguvu na chakula kingi, lakini mwili wake ulibaki mwembamba hadi mwisho.

Alichokuwa nacho ni mikono. Kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya mwingine kulikuwa na takriban mita 2.6. Mpinzani aliyezoea kupenya hadi chini ya ringi na kutupa kwa urahisi alikuta mkono mbele yake kila upande. Katika msimu wake wa kwanza, 1985-86, Bol alizuia mitupo 397 katika michezo 80, yaani karibu 5 kila mchezo. Hakuna mchezaji mpya katika historia ya NBA aliyefikia idadi hiyo, kabla yake wala baada yake. Mara mbili katika maisha yake alizuia mitupo 15 katika mchezo mmoja. Aliongoza ligi kwa kuzuia mwaka 1986, na tena mwaka 1989.

Takwimu moja inaeleza vizuri alikuwa mchezaji wa namna gani. Katika michezo 624 ya NBA, Bol alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Hakuna mchezaji mwingine wa muda mrefu katika ligi hiyo aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Wengine hulipwa kwa kufunga. Yeye alilipwa kwa kuwanyima wengine kufunga, na alifanya hivyo ingawa kwa kawaida alikaa uwanjani chini ya nusu ya mchezo.

Mwaka 1987 Bullets walimleta Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1.60, mchezaji mfupi kuliko wote katika historia ya NBA. Kwa msimu mmoja mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote walivaa jezi moja. Picha zao wakiwa wamesimama pamoja zilizunguka dunia nzima. Ziliuza tiketi, na ziliwafanya watu wengi wamwone Bol kama kitu cha kutazamwa zaidi ya mchezaji. Yeye alijua jambo hilo. Alikuwa mcheshi, alipenda mizaha na wenzake, na Kiingereza alichojifunza ukubwani alikitumia kwa utani uliowavunja mbavu wachezaji katika chumba cha kubadilishia nguo.

California na Philadelphia

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors, California. Kocha Don Nelson alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alimruhusu mtu mrefu kuliko wote uwanjani asimame mbali na kutupa mitupo ya pointi tatu. Mtupo wake ulikuwa wa ajabu, mpira ukitoka nyuma ya kichwa kama mtu anayerusha jiwe. Msimu huo alifunga 20 ya aina hiyo, na kila mmoja uliwafanya mashabiki wasimame.

Kuanzia mwaka 1990 alichezea Philadelphia 76ers, pamoja na Charles Barkley, aliyekuwa rafiki yake. Tarehe 3 Machi 1993, Barkley akiwa ameshahamia Phoenix Suns, Bol alicheza dhidi ya timu hiyo na kufunga mitupo 6 ya pointi tatu katika nusu moja ya mchezo.

Baada ya hapo mwili ulianza kukataa. Alipita Miami, akarudi Washington na Philadelphia kwa muda mfupi, kisha Golden State, ambako goti lilimwondoa baada ya michezo 5 tu ya msimu wa 1994-95. Alijaribu ligi ndogo ya Marekani, akacheza Italia na Qatar. Ugonjwa wa baridi yabisi kwenye viungo ulimaliza kazi yake.

Pesa zilikwenda wapi

Katika miaka ile kumi ya NBA, vita ya Sudani iliua na kufukuza watu kwa mamilioni. Mwaka 1987 maelfu ya watoto wa kiume wa kusini, wengi wao Wadinka, walikimbia kwa miguu hadi Ethiopia. Mwaka 1991 walifukuzwa huko, na mwaka 1992 wakafika Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Dunia iliwaita watoto waliopotea. Kwa Bol hawakuwa watoto wa habari za televisheni. Walikuwa watoto wa ukoo wake na wa vijiji alivyovijua. Yeye mwenyewe alisema kwamba vita ilimpotezea jamaa wapatao 250.

Wakati wachezaji wengine walitumia likizo kupumzika, yeye alisafiri kwenda kambini. Alitoa pesa za chakula, za dawa, za nauli, za karo. Aliliunga mkono jeshi la SPLA waziwazi. Nyumbani kwake Marekani kulikuwa na wageni wasiokwisha, na simu iliita usiku kutoka pande za Afrika ambako kulikuwa mchana. Baadaye aliunda mfuko wa msaada ulioitwa Ring True Foundation. Vyombo vya habari vya Marekani vilikadiria kwamba alitoa karibu dola milioni 3.5, zaidi ya nusu ya alichopata katika maisha yake yote ya mpira.

Kuna waliosema kwamba angefanya busara zaidi kama angeweka akiba kwanza. Walikuwa na hoja, kwa sababu familia yake mwenyewe baadaye iliona shida. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mkewe na watoto walibaki Marekani. Lakini mtu aliyekulia malishoni alifundishwa kwamba mwenye ng'ombe wengi hawezi kulala ameshiba jirani yake akiwa na njaa. Bol alizipeleka dola zake kwa sheria hiyo hiyo.

Khartoum na uwaziri wenye masharti

Aprili 1997 serikali ya Khartoum ilitia sahihi makubaliano na makundi kadhaa ya kusini yaliyojitenga na Garang. Bol alirudi Sudani akiamini kwamba amani inaweza kupatikana. Aliahidiwa cheo cha waziri wa michezo. Kisha sharti likatajwa: sharti awe Mwislamu. Bol alikuwa Mkristo. Alikataa, na uwaziri ukaishia hapo.

Alibaki Khartoum bila kazi, pesa zikipungua, viungo vikimuuma. Alioa tena, na mwaka 1999 mwanawe Bol Bol alizaliwa mjini humo. Agosti 1998 Marekani ilikuwa imepiga kwa makombora kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, mjini Khartoum. Baada ya siku hiyo, mtu wa kusini aliyeishi Marekani miaka mingi alitazamwa kama jasusi. Alipotaka kuondoka alizuiwa. Mtu ambaye viwanja vizima vya Marekani vilipiga kelele akisimama, sasa alikuwa kama mfungwa katika nchi yake.

Mwaka 2001 alifaulu kufika Cairo, Misri. Huko pia alikwama miezi kadhaa akingoja karatasi, kama maelfu ya Wasudani wengine. Mwaka 2002 alipokelewa Marekani kama mkimbizi. Miaka 19 kabla, aliingia nchi hiyo akiwa mchezaji aliyetafutwa na vyuo. Safari hii aliingia kwa mlango ule ule wa watu aliokuwa akiwasaidia.

Ndondi, barafu na farasi

Aliishi Connecticut, jimbo alikochezea chuo. Hakuwa na pesa, lakini jina lake lilikuwa bado linajulikana, na urefu wake ulikuwa bado unavuta macho. Aliamua kuvitumia vyote viwili.

Mei 2002 alipanda ulingoni katika kipindi cha televisheni cha watu mashuhuri wanaopigana ndondi. Mpinzani wake alikuwa William Perry, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, mzito kuliko yeye mara mbili hivi. Bol alishinda kwa pointi. Sharti lake lilikuwa kwamba namba ya simu ya mfuko wake wa msaada ionyeshwe kwa watazamaji. Baadaye mwaka huo alisaini mkataba wa siku moja na timu ya magongo ya barafuni ya Indianapolis, ingawa hakujua kuteleza kwenye barafu. Kisha akavalishwa mavazi ya wapanda farasi wa mashindano huko huko Indiana.

Watu walicheka. Baadhi ya waandishi waliandika kwamba anajidhalilisha. Yeye hakuona aibu ilipo. Miaka kumi Wamarekani walikuwa wamelipa kuja kuutazama mwili wake. Kama walikuwa bado wako tayari kulipa, na kama malipo yangefika kwa watoto wa Sudani, basi wacheke.

Mwaka 2004 teksi aliyokuwa amepanda ilipinduka huko Connecticut, akarushwa nje na kuvunjika shingo. Madaktari waliiokoa roho yake, lakini tangu hapo alitembea kwa shida. Alihamia Olathe, katika jimbo la Kansas. Mwaka 2006, mwili ukiwa umechoka, alishiriki katika matembezi ya wiki kadhaa kutoka New York hadi Washington ya kuamsha macho ya dunia kuhusu Sudani.

Shule ya Turalei

Amani ya kusini ilitiwa sahihi tarehe 9 Januari 2005. Wakati huo huo vita nyingine ilikuwa inaendelea magharibi mwa Sudani, huko Darfur. Watu wa Darfur wengi ni Waislamu, na katika miaka ya vita ya kusini, vijana wengi wa Darfur waliandikishwa katika jeshi la serikali lililochoma vijiji vya Wadinka. Bol alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Badala yake alisimama hadharani na kuwatetea.

Alijiunga na shirika la Sudan Sunrise, linaloshughulikia upatanisho, akiwa na mpango wa kujenga shule 41 kote Sudani ya kusini. Ya kwanza ingekuwa Turalei, kijijini kwake, ambako watoto walikuwa wakisoma chini ya miti. Shule hizo zilikusudiwa kuwapokea watoto wa makabila yote na dini zote kwenye madawati yale yale. Mtu ambaye hakuketi darasani utotoni, na aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima katika nchi ya kigeni, aliona kwamba chakula huisha na dawa huisha, lakini mtoto aliyesoma pamoja na mtoto wa adui wa baba yake ni vigumu kumpa bunduki amuue.

Mwishoni mwa mwaka 2009 alikwenda kuona kazi ya ujenzi. Alipaswa kurudi haraka. Lakini uchaguzi ulipangwa Aprili 2010, na Salva Kiir, aliyekuwa akiiongoza kusini, alimwomba abaki na kuzungumza na wananchi. Akabaki. Katika muda huo figo zilianza kushindwa, na alipata pia ugonjwa wa ngozi wa hatari uitwao Stevens-Johnson, unaoweza kuletwa na dawa, ambao humchubua mgonjwa hata mdomoni na kumzuia kula.

Aliporudishwa Marekani alikuwa mahututi. Alilazwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, na huko alifariki tarehe 19 Juni 2010. Kwa karatasi zake alikuwa na miaka 47. Ibada ya kumwaga ilifanyika katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington, mji alioanzia NBA. Kisha mwili ulisafirishwa, ukazikwa Turalei. Watoto aliowaacha ni 10.

Waliokuja baada yake

Tarehe 9 Julai 2011, mwaka mmoja baada ya mazishi, Sudani Kusini ilikuwa nchi huru. Bol hakuiona bendera ikipandishwa. Hakuona pia kilichofuata. Desemba 2013 viongozi wa nchi hiyo mpya walipigana wenyewe kwa wenyewe, makabila yakageukiana, na mapigano ya Julai 2016 yaliwasukuma maelfu ya wakimbizi kuvuka mpaka hadi Ituri na Haut-Uélé. Wengi walikuwa watoto wa umri wa shule.

Katika basketi mbegu aliyoipanda imeota. Alipokuwa Misri kati ya safari zake, alikuwa amewafundisha kushika mpira watoto wa familia moja ya wakimbizi wa Kidinka waliozaliwa Wau. Mmoja wao, Luol Deng, alicheza NBA miaka 15, na mwaka 2019 akawa rais wa shirikisho la basketi la Sudani Kusini. Mwaka huo huo Bol Bol, yule mtoto aliyezaliwa Khartoum, aliingia NBA na kuanza na Denver, timu ile ile ambako Mutombo alianzia.

Mwaka 2024 timu ya taifa ya Sudani Kusini ilifika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris. Ilitoka nchi isiyo na viwanja vya kutosha, na wachezaji wake wengi walikulia ukimbizini Kenya, Uganda, Misri, Australia na Marekani. Kabla ya michezo hiyo ilicheza na Marekani mjini London na kushindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Katika mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Wachezaji walitoka makabila tofauti, baadhi yao makabila ambayo vijijini yalikuwa bado yanawindana.

Manute Bol amelala Turalei, kijiji ambako baba yake aliona hakuna haja ya kumpeleka mwana shuleni.